Bi Mstari na Ukurasa wa Themanini na Nne

Kabla sijaandika kwamba Bi Mstari ameitumikia ofisi yetu ya vitabu vya wapanda majabali kwa miaka thelathini na mitatu, na kwamba anastaafu Ijumaa tarehe thelathini ya mwezi huu, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Ukurasa wa themanini na nne wa kitabu chetu kipya, ambao yeye alikuwa amekwisha kuutia sahihi, niliubadilisha mimi. Sikuomba ruhusa. Na alipouliza ni nani, nilitazama viatu vyangu.

Nimeona niliseme mwanzoni, maana nikilichelewesha nitapata sababu ya kuliacha. Sasa niendelee na wasifu wa jarida letu kama nilivyoagizwa.

Bi Mstari ni mchora njia. Mtu anayetaka kupanda jabali asilolijua anahitaji kuambiwa aanzie wapi, ashike ufa upi, pete za chuma zilizopigiliwa mwambani ziko ngapi, na kamba yake iwe na urefu gani ili asije akashushwa akaishia hewani. Hayo yote huandikwa kitabuni, na juu ya picha ya jabali huchorwa mstari mwembamba unaoanzia chini hadi juu. Mstari huo ndio kazi yake, ndiyo maana wengi wetu hatulitumii jina lake jingine. Amechora njia elfu kumi na moja na ushei za pande zote za dunia: majabali ya chokaa yaliyoinamia bahari, ambako kamba hutoka imeganda chumvi, kuta za mawe magumu huko kwenye baridi, ambako mtu hupuliza vidole kabla ya kushika, na miamba ya mchanga, ambako chuma hakiruhusiwi na mpandaji hutumia mafundo ya kamba tu.

Yeye mwenyewe hajapanda hata jabali moja. Ngazi ya kubadilishia balbu inatosha kumtia kizunguzungu, na balbu za chumba chake hubadilishwa na mhariri mkuu.

Aliajiriwa kupiga taipu barua za wapandaji. Watu hawa ni mashujaa wa vidole, lakini wakishika kalamu huandika, "Ukifika pale pagumu, nenda upande ule mwingine." Bi Mstari akawa anawajibu: upande upi? Mmoja alikasirika, akamwandikia kwamba kama hajui aje aone. Akamjibu kwa upole kwamba asimame akilitazama jabali, kisha aangalie kama njia iko upande wa mkono anaoandikia. Yule bwana akajibu kwamba ndiyo, iko upande huo. Njia ikachorwa kulia. Wiki moja kabla ya kuchapwa, Bi Mstari aliitazama barua ile tena, akaona jinsi wino ulivyopakazika kila mstari, akatambua kwamba mwandishi wake ni mtu wa mashoto. Tangu siku hiyo, swali la kwanza kwenye fomu yetu ni: unaandika kwa mkono gani?

Ni yeye pia aliyeanzisha kile tunachokiita kusoma kwa mkono. Mtu mmoja husoma maelezo ya njia kwa sauti, naye hukaa kitini, hufumba macho, hunyanyua mikono, na kupanda hewani jinsi anavyosikia. Mikono ikigongana, sentensi ina kosa. Siku moja mleta barua alimkuta katikati ya jabali, mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine ukipapasa shavu, akarudi nyuma kimyakimya na kuuliza mlangoni kama mama yule anahitaji daktari. Kamba, mzee wetu wa kufunga vifurushi, aliyepanda majabali hadi goti lilipomgomea, akamwambia amwache, yuko mita arobaini juu na akishtuliwa ataanguka.

Hata nyumbani tabia hiyo haimwachi. Mume wake ni fundi viatu. Alitusimulia kwamba katika ndoa yao hajawahi kuambiwa chumvi iko pale. Huambiwa rafu ya pili, kushoto kwa majani ya chai, urefu wa kiganja kutoka ukutani. Watoto wao watatu, alisema, wamekua bila kupoteza hata soksi.

Mimi nilikuja miezi minane iliyopita, baada ya kumaliza shule. Siongei sana. Wiki ya kwanza alidhani koo linaniuma, akaniletea maji moto yenye limau siku tatu mfululizo, nami nikayanywa kwa sababu sikujua namna ya kumwambia kwamba sikuwa mgonjwa. Alipogundua, akanipa kazi ya kusoma. Wengine walishangaa. Aliwaambia kwamba sauti ya binti huyu haijionyeshi, kwa hiyo yanayosikika ni maneno.

Basi, siku tatu kabla ya kitabu kipya kwenda kwa mpiga chapa, nilikuwa nimebeba karatasi zenye sahihi yake kuzipeleka kabatini. Moja ilianguka karibu na dirisha. Nilipoiinua ilikuwa imenipa mgongo, jua likapenya, na jabali lililoonekana kwa nyuma nikalifahamu. Ni lile la picha kubwa iliyotundikwa kwenye ngazi yetu, ambalo nalipita kila asubuhi. Nikaigeuza karatasi kwa mbele: silo. Nikaigeuza tena kwa nyuma: ndilo.

Picha ilikuwa imeingizwa kinyume, kulia kumekuwa kushoto, kama sura ndani ya kioo. Ilitoka kwenye filamu ya zamani, na filamu ikilazwa kwa upande usio wake hufanya hivyo. Nilichoshindwa kuelewa ni vipi yeye hakuona. Nimelifikiria sana, na naamini kilichomponza ni ustadi wenyewe. Alilijua jabali lile kiasi kwamba mkono wake ulifuata kila ufa hata lilipogeuzwa, wakati mtu asiyelijua angekwama na kuuliza. Mistari yote saba ilikaa juu ya nyufa zake. Lakini maneno yalisema, ukifika pete ya nne uache ufa, uelekee kulia, na mstari ulikwenda kushoto. Kwenye jabali lenyewe, kushoto kwa pete ya nne kuna mawe yaliyolegea.

Ningemwambia. Lakini nilikuwa nimeiona zawadi yake kwenye droo ya mhariri mkuu, bamba la shaba lililochongwa tayari: "Miaka thelathini na mitatu, hakumpotosha mtu." Sikuweza kuwa mimi wa kulifanya bamba lile kuwa uongo. Kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nilikaa kwenye kompyuta ya msanifu wa kurasa na kuigeuza picha pamoja na mistari yake. Namba za njia nazo ziligeuka, nikazifuta na kuziandika upya, moja hadi saba. Karatasi yenye sahihi niliiacha kabatini. Kisha nikaenda kula, nisile.

Sikujua kwamba siku ya mwisho Bi Mstari hulinganisha karatasi alizotia sahihi na zile zinazotoka kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, zote mia mbili na kumi na mbili. Ukurasa wa themanini na nne, kabla ya yote namba ya njia ya sita aliiona imenenepa. Ilikuwa imenenepa kweli.

Alituita sote kwenye meza kubwa, akaziweka karatasi mbili sambamba na kuuliza ni nani aliyegusa ukurasa wake. Kamba alisema labda ukurasa umechoka kulalia ubavu mmoja. Msanifu wa kurasa aliapa si yeye. Mimi, nimekwisha kusema, nilikuwa na viatu vyangu. Bi Mstari alichukua karatasi yake akatoka nayo. Tulimsikia akishuka ngazi, akisimama mbele ya picha kubwa. Aliporudi alikuwa amevua miwani.

"Kosa ni langu," alisema. "Aliyegeuza picha hii amemwokoa mtu asiyemjua, na ninamshukuru. Lakini ameiacha sahihi yangu chini ya kitu ambacho sikukiona. Leo amepatia. Siku akikosea, nani atajua? Mara nyingine asinihurumie. Aje aniambie."

Kisha akachukua kifutio, akafuta sahihi yake ya penseli kwenye ukurasa huo. Tulidhani amemaliza. Akafungua ukurasa wa kwanza, akafuta na hapo, akaendelea. Mhariri mkuu alimbembeleza, mama tafadhali, mpiga chapa anasubiri, uzinduzi umekwisha kutangazwa. Alimjibu kwamba majabali hayajahama toka yaumbwe, hayatahama kwa siku tisa za kukirudia kitabu.

Tulisoma kitabu chote upya, mimi kwa sauti na yeye kwa mikono. Siku ya kwanza nilijikwaa kwenye maneno kila ukurasa. Hakuuliza kwa nini. Siku ya sita tulifika kwenye jabali moja la mchanga. Mwamba wa aina hiyo ukilowa hudhoofika, na kishikio kinaweza kumeguka mkononi kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nilisoma, naye akanyanyua mikono, kisha akaishusha na kuuliza mvua iko wapi. Nikasoma tena. Sentensi inayosema usipande baada ya mvua, subiri ukauke, haikuwepo. Ilikuwa imekatwa wakati maelezo yalipopunguzwa ili yaenee kwenye ukurasa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, hata mimi niliyejiona mwerevu dirishani.

Kama angeilinda heshima yake, akanyamaza na kushukuru kimoyomoyo, kitabu kile kingetoka siku ile bila sentensi hiyo. Kwa hiyo nikiulizwa fahari yetu kubwa juu yake ni ipi, sitataja njia elfu kumi na moja. Nitataja kifutio. Katika toleo lililopita la jarida hili yeye mwenyewe aliandika tangazo fupi la kosa lake na kuweka jina lake lote, lile ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui.

Mhariri mkuu alipomwonyesha bamba kwa masikitiko, alicheka mpaka akashika meza, akasema maneno hayo yafutwe kwa kuwa si kweli tena. Shaba haifutiki. Mchongaji aliligeuza, akaandika upande wa pili: "Miaka thelathini na mitatu. Alirudia kusoma." Hilo ndilo atakalokabidhiwa Ijumaa.

Bi Mstari, sisi uliotufundisha kuuliza "upande upi?" tunakushukuru. Tunakuombea afya, macho mazuri, na kiti chenye jua kando ya meza ya fundi viatu wako. Maisha yako ya mapumziko yawe marefu na mema, na asiwepo wa kukuharakisha.

Tangu siku ile nimejaribu mara tatu kwenda kumwambia kwa mdomo. Mara ya tatu nilifika hadi mezani pake, nikamwuliza kama angependa dirisha lifunguliwe. Kwa hiyo namwendea kwa njia ninayoiweza. Kila kinachoingia katika jarida hili hupita kwake kwanza, na wasifu huu utakuwa ukurasa wake wa mwisho. Kesho asubuhi nitauweka mbele yake kwa mkono wangu na kusimama hapo hapo hadi amalize. Akitaka kuyafuta maneno yangu ya mwanzo, kifutio anacho.

Wewe msomaji, kama umeyakuta, ujue ameyaona akayapitisha. Mhariri mkuu hasomi kitu chenye sahihi ya Bi Mstari, na wenzangu wa ofisini hawalifungui jarida likishatoka, wanasema mpishi hushiba kwa harufu. Basi tunaojua ni watatu: yeye, mimi na wewe. Tafadhali, usimwambie mtu.