Mzee Primus na Orodha za Miche

Bwana Primus Valerian, mtunza kumbukumbu wa kitalu chetu cha miche ya kahawa hapa Moshi, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mitatu kazini.

Alianza na daftari na kalamu ya risasi. Mwaka uliofuata ikaletwa kompyuta, na mpaka leo ndiyo hiyo hiyo. Haina kipanya wala picha, ni skrini nyeusi inayosubiri uiandikie amri. Mpya zimeletwa mara tatu, zote zimekufa, yeye na yake wapo.

Kila msimu orodha ya kaya za kupewa miche hubadilishwa jina kwa amri ya REN, ndipo mpya ifunguliwe. Ukisahau, mpya inaifuta ya zamani na wakulima wa mwaka mzima wanapotea. Kwa hofu hiyo Mzee Primus hakuwahi kuchukua likizo ya kuzidi siku mbili. Mkewe, Mama Zita, alishatuuliza kama hicho kitu ni mke mwenza.

Siku ya harusi ya binti yake, mwaka 2011, mimi Elisifa nilijitia ujuzi. Nilitaka kubadili jina la faili moja tu la Machame, nikaweka alama ya nyota, kumbe kwa kompyuta hiyo nyota maana yake ni yote. Mafaili yote yakabadilika majina, programu ikasema hakuna orodha. Kuanzia Machame hadi Marangu hatukuwa na mkulima hata mmoja, na lori la miche linanguruma getini! Tukampigia. Alikuja na suti, ua kifuani, kipande cha ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa harusi, kwenye leso. Akaandika mstari mmoja, wakulima wakarudi, naye akawahi keki. Hakunigombeza. Aliniambia tu nikanawe mikono kabla sijagusa tena.

Anayemwachia kiti ni Theodora, na kusema kweli tuliogopa sote, na Mzee alituzidi kwa hofu. Ijumaa iliyopita Theodora aliandika REN ya msimu huu mbele yake. Mzee aliikalia mikono yake asije akadaka kibodi. Skrini haikusema kitu, maana mashine hiyo ikiridhika hunyamaza. Mzee akahesabu kaya, zote zipo. Akamkabidhi Theodora ufunguo wa ofisi, kisha akaomba likizo yake ndefu ya kwanza, zikiwa zimebaki siku kumi astaafu. Tulicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Asante sana, Mzee wetu. Kihamba chako, shamba la ukoo kule Marangu, kikupokee vizuri, Mama Zita akuone mchana kweupe, na sisi tutajitahidi tusikupigie simu.