Hjördis Öhlund na Jina la Maradhi ya Ukoo

Wasikilizaji wapendwa, mwaka 1981 mgeni alibisha hodi kwenye nyumba ya kuokea mikate, kijijini nje ya mji wa Piteå, huku kaskazini mwa Sweden. Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa daktari, Bi Ragnvi Stenmark, akipita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za miguu.

Hjördis alikuwa mbele ya tanuri, peku. Dada yake, Alfhild, alikuwa akisukuma donge. Mkate wetu mwembamba unataka watu wawili: mmoja asukume, mwingine aoke.

"Mama, umekanyaga kaa la moto," daktari alisema.

Hjördis alitazama chini. "Kumbe. Ndiyo miguu ya kina Öhlund hii. Marehemu baba alikanyaga la kwake, akauliza nani anachoma nyama."

Alfhild alicheka. Daktari hakucheka.

Baada ya vipimo alimletea Hjördis neno: polineuropathia. Poli ni nyingi. Neuro ni mishipa ya fahamu. Pathia ni maradhi. Yaani mishipa mingi ya fahamu inakufa polepole, na miguu haipeleki tena habari kwenye ubongo. Na kwao yalikuwa maradhi ya kurithi. Narudia: ya kurithi.

"Na ndugu zako wakikuuliza?" daktari alisema.

"Atakayeniuliza sitamdanganya. Nakuahidi."

Alfhild aliposikia, alimwekea mpaka. "Litamke hilo neno, mdogo wangu, tuone kama utakuwa na dada. Mimi nina binti wa kuoza."

Kwa miaka kumi hakuna aliyeuliza. Hjördis alioka amevaa viatu.

Mwaka 1991, siku ya kuoka, aliingia Maj-Lis, binti wa Alfhild. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

"Mama mdogo, vidole vyangu vya miguu vina ganzi. Mama anasema ni viatu. Eti ni viatu?"

Alfhild alisimamisha mti wa kusukumia. Akamtazama mdogo wake.

"Si viatu, mwanangu," alisema Hjördis. "Ni polineuropathia. Ninayo mimi, babu yako alikuwa nayo. Nenda hospitali, uwatajie jina hilohilo."

Alfhild alipangusa unga mikononi, akatoka.

Jina lile lilimfikisha Maj-Lis kwa madaktari mapema. Walimbadilisha ini, kwa kuwa ini ndilo lililokuwa likiiharibu mishipa yake. Leo anatembea. Kwa Hjördis, tiba ilikuwa imechelewa. Aliendelea kuoka, peke yake, ameketi kitini. Mikate yake ilitoka minene, imeungua upande mmoja. Alfhild hakukanyaga tena pale.

Hjördis alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Pole nyingi kwa Maj-Lis. Pole kwako pia, Bi Alfhild, kama unatusikiliza. Nasi wapendwa, tuwaulize wazee wetu wakiwa bado wanaweza kujibu.

Maj-Lis alimuuliza mama yake mdogo, siku za mwisho, kama alijuta.

Maj-Lis anasimulia: "Akaniambia, 'Dada yangu namkosa kila siku. Lakini uliniuliza.'"