Advera, Nesi Mwoga wa Bukene

Advera Raymundi, tunayemlaza leo karibu na baba yake, alizaliwa hapa Kigwa tarehe 14 Machi 1988, kitindamimba wa marehemu mzee Raymundi na mama Yustina. Alikuwa mtoto mwoga. Treni ikipiga honi, alikuwa ameshaingia uvunguni, akimwita na dada yake ajifiche.

Alisoma shule ya msingi hapahapa hadi 2002, sekondari mjini Tabora, kisha uuguzi na ukunga. Mwaka 2015 alijifunza kupima wajawazito kwa ultrasaundi.

Alifanya kazi katika kituo cha afya cha Bukene. Mama akiuliza, "Nesi, wa kike au wa kiume?" alijibu, "Subiri, shoga yangu. Kwanza nione kondo la nyuma limekaa wapi." Alitazama kama limeziba njia, kama limeshika kovu la upasuaji wa zamani. Akiwa na shaka hata kidogo, aliandika rufaa ya kwenda hospitali ya Tabora. Wakamwita Nesi Mwoga. "Ukienda kwake," walitaniana, "funga kabisa mzigo wa safari."

Alifunga ndoa na Anselm tarehe 6 Julai 2013. Walijaliwa Vedasto na Damas, wote kwa upasuaji.

Juni mwaka huu wa 2025, akiwa na mimba ya tatu, alijilaza kwenye kitanda chake cha kazi, akampa kipimo mwanafunzi wake, Hafsa. Hafsa akapitisha, akarudia.

"Sema unachokiona, mdogo wangu."

"Dada, kondo limeziba njia. Na hapa kwenye kovu sioni mpaka kati yake na mfuko wa uzazi."

Advera akageukia ukutani. Picha kama hiyo alikuwa ameiona kwa wanawake wawili. Mmoja tu ndiye aliyerudi Bukene.

Aliogopa mno. Alihamia Kanyenye, Tabora mjini, kwa shangazi yake, karibu na hospitali. Alitafuta ndugu sita wa kuchangia damu. Nguo za mtoto alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. Anselm alipomwambia ajipe moyo, alijibu, "Moyo ninao, baba Vedasto. Ninachoogopa ni damu."

Tarehe 2 Septemba damu ilianza kutoka ghafla. Dakika kumi baadaye alikuwa mikononi mwa madaktari, na mtoto wa kike alitolewa akiwa hai. Damu ya ndugu ilitumika yote. Advera alifariki saa kumi alasiri.

Tumezoea kusema marehemu alikuwa jasiri. Advera hakuwa. Angekuwa jasiri angebaki Bukene, na leo tungezika wawili. Wanawake waliokuja na treni asubuhi kutoka Bukene, watoto wao mgongoni, wanalijua hilo.

Ameacha mama, mume, dada, Vedasto, Damas, na binti wa siku tatu ambaye bado yuko kwenye chumba cha joto, hajapewa jina.

Pumzika kwa amani, Advera. Kuogopa tuachie sisi.