Chepkoech na Mizani

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Magdalene Chepkoech anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kupanda farasi wa mbio katika zizi letu, hapa nje kidogo ya Sutton Coldfield, Uingereza. Ameshinda mara mia mbili na kumi na moja. Mwenyewe hudai ni mia mbili na kumi na mbili, na hapo pana kisa.

Alikuja 2006, binti mwembamba aliyehamia Acocks Green, akishuka treni alfajiri na yai moja tumboni, maana uzito ukizidi hupewi farasi. Sisi wa jikoni tuliumia kumwona akizipita chapati zetu kama hajaziona.

Mwaka 2009 alimaliza wa kwanza kwa mara ya kwanza, juu ya farasi aitwaye Tumaini. Sheria ni kwamba ukishuka, unabeba tandiko moja kwa moja hadi kwenye mizani upimwe tena, ndipo ushindi uhesabiwe. Lakini kanisa lake lilikuwa limekodi basi zima kuja kumshangilia, na mama yake alikuwa mbele kabisa. Binti aliyelelewa Kericho atawapitaje wazee bila kuwapa mkono? Aliwasalimia wote arobaini, mmoja mmoja, na habari za nyumbani juu. Alipokumbuka mizani, maji yalikuwa yameshamwagika. Tumaini alipokonywa ushindi.

Mkufunzi wetu, Mzee Gurdev, mzaliwa wa Kisumu, alimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba akirudia, akauze mboga sokoni Alum Rock. Chepkoech alilia siku tatu. Tangu hapo hasalimii mtu kabla ya mizani. Kuna waliosema ana maringo. Hawamjui.

Mwezi uliopita alishinda mbio zake za mwisho. Mama yake, ambaye siku hizi yuko kwenye kiti cha magurudumu, alimnyooshea mikono. Chepkoech akampita, tandiko mkononi, machozi yakimtoka. Mama alicheka, akatuambia kwamba mtoto wake sasa amefunzika. Chepkoech alipokwisha kupimwa alirudi mbio, akapiga magoti, na hapo hatukuweza kuwatenganisha.

Dada Chepkoech, asante kwa miaka yote hiyo ya njaa na heshima. Tunakuombea maisha marefu yenye shibe. Ijumaa tutapanga mstari mlangoni, zizi zima. Mizani tumeifungia stoo, na ufunguo anao Mzee Gurdev. Tusalimie mmoja mmoja, utuulize habari za nyumbani, kisha ukae ule chapati.

Fadumo, jikoni