Siku Tuliyoipa Serikali Maksi

Kijiwe chetu kilikuwa Mwigobero, Musoma: benchi moja mbele ya jiko la Mbuke, mahali ambapo ukigeuza shingo unaliona ziwa, ukiirudisha unayaona maduka. Mbuke aliuza kahawa na kashata za karanga, na alituvumilia. Mwaka ule wa tisini na nne vyama vilishakuwa vingi, wagombea wa mitaa wameanza kupita wakisalimia mpaka mbuzi. Mimi Stanislausi, fundi baiskeli, nikasema kabla hatujaombwa kura tuisahihishe kwanza serikali, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani.

Wa kwanza kushika kalamu, kwa mdomo, alikuwa Felisian. Tulimwita Foleni, kwa sababu miaka ya shida alikuwa muuzaji wa duka la ushirika na mji mzima ulijipanga mbele yake. Alizipa serikali za miaka ile maksi themanini. Akatukumbusha unga wa njano, na kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi kigawanywe nyumba mbili. Shida ilikuwepo, alisema, lakini ilikuwa ya wote, na shule na hospitali zilikuwa bure.

Silasi akacheka. Yeye alifuma nguo kiwandani mpaka mashine zikanyamaza, akapunguzwa, sasa anauza mitumba. Jina lake la kijiweni lilikuwa Ruksa.

– Hospitali ya bure isiyo na dawa ni gesti, alisema. Na nyie wa dukani mlikuwaga mnaficha sukari.

– Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Foleni akajibu bila aibu. Walioinama walipata.

Silasi yeye aliupa wakati wa ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, maksi tisini. Leo ukitaka sabuni unachagua mpaka harufu. Foleni akamuuliza kwa upole ni harufu gani aliyonunua yeye tangu kiwanda kifungwe. Silasi akakohoa, akasema wahenga walishamaliza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashati ya wageni yamekuja, mashine zetu zimepona uchovu.

Kutoka hapo mambo yakapanda mlima. Foleni akadai mitumba inaletwa makusudi ili Wazungu wajue vipimo vya miili yetu, wapange na mikopo. Silasi akasema basi hata foleni zilikuwa ujanja wa serikali, kutuhesabu bila kuwalipa makarani wa sensa. Foleni akaongeza kwamba hata sangara alitiwa ziwani na Ai-Em-Efu, kwa sababu tabia zao ni moja: anaingia mpole, anamaliza wadogo.

Masatu, mvuvi mwenyeji wa Mugango, alikuwa hajatoa maksi. Asubuhi ile alikuwa ameuza samaki wake wote kwenye gari la barafu linalopeleka kiwanda cha samaki. Tulipomlazimisha, alisema zamani hata uzi wa kushonea wavu ulikuwa hadithi, sasa uzi upo, injini ipo, na nyumba yake ina bati. Akatoa sitini. Hakusema arobaini zimekwenda wapi.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, amefunga sufuria ndogo tupu kwenye kitenge. Alitusalimia kwa heshima, akasema anaitwa Susana, anatoka Butiama. Mama yake amelazwa hospitali wiki nzima na amekataa kula. Mama huyo ni mzaliwa wa Mugango, aliolewa tu huko juu. Jana usiku alikuwa ametamka neno moja, kwamba anataka mchuzi wa furu.

– Wazee wangu, naomba kuuliza. Furu wanauzwa wapi?

Silasi aliinua mkono kuelekeza sokoni, akaushusha. Furu walikuwa samaki wadogo wa kawaida kabisa. Miaka ile ambayo hatukuwa na sabuni wala sukari tuliwala mpaka tukawachoka. Na sasa tulikuwa tumekaa hatua chache tu kutoka ziwani, wanaume wazima, tukijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuwaona ni lini.

– Hata sato hakuna? Mbuke aliuliza.

– Wameondoka na gari, alisema Masatu. Sokoni kuna mapanki tu.

Susana aliyajua mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwanda kikishachukua nyama. Akasema asante, akaanza kukaza fundo la kitenge chake taratibu. Naona ule ustaarabu wake ndio uliomnyanyua Masatu. Aliweka kikombe chini, akasema kwenye miamba nje ya mji huenda wamebaki wachache waliojificha, sangara hapenyi mle. Hakuahidi kitu. Silasi, ambaye anaogopa maji kuliko nyoka, akamfuata ili amsaidie kukumba maji mtumbwini. Susana akamwachia Mbuke sufuria, na Foleni akamsindikiza hospitali asikae peke yake. Mimi nikazunguka mialo ya wavuvi kwa baiskeli mpaka upande wa Buhare nikiulizia furu, nikarudi na ndimu tu.

Walirudi alasiri. Silasi alikuwa ameloa na ametapika, lakini alishika kopo kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na furu wachache, hawakufunika hata kitako cha kopo. Masatu aliwaparua mwenyewe, polepole, kama mtu anayemvisha mtoto mchanga. Mbuke akaondoa birika la kahawa jikoni, wateja wakinung'unika, akabandika sufuria ya Susana: nyanya, chumvi, maji, na ndimu yangu.

Tulipofika wodini mama alikuwa amefumba macho, mwembamba hata shuka halikuonyesha mwili. Susana akafunua kifuniko karibu na uso wake. Pua ikacheza. Alikunywa mchuzi kidogo, akapumzika, akanywa tena. Kisha akamchukua furu mmoja kwa vidole vyake mwenyewe, akamchambua miiba bila kutazama, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu utoto.

Mama yule aliishi mpaka mavuno ya mtama ya mwaka uliofuata, lakini siku ile hatukujua. Tulichojua ni kwamba alifumbua macho, akatuona tumejipanga miguuni pake, kofia mikononi.

– Susana, hawa ni watu wa serikali?

– Hapana, mama. Ni watu wa kijiweni tu.

Akatutazama mmoja mmoja, bila haraka.

– Mbona wamesimama sasa? Wakae.

Kiti hakikuwepo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakunja miguu yake, tukakaa.