Bata Amelala kwa Kihispania

Kwenye treni ya kwenda mjini nilikaa nyuma ya bibi mmoja mshonaji, aliyekuwa akimsimulia kijana wa kando yake habari za mjukuu. Binti yake ameolewa ng'ambo, na mtoto anajua Kihispania tu. "Zile nyimbo nilizomlelea mama yake zimerekodiwa upya kwa Kihispania," alisema. "Ndizo ninazojifunzia. Nikipiga simu namwambia apige mswaki, halafu namwambia bata amelala. Hapo nimeishiwa."

Kijana akakohoa kidogo, akasema aliyeimba wimbo wa bata ni yeye.

"Basi nifundishe kusema nimekukumbuka."

"Sijui, bibi. Kihispania sikielewi. Tuliandikiwa tu jinsi ya kutamka."

Bibi alimtazama kama mtu aliyeuziwa kitambaa chenye tundu. "Unawaimbia watoto usichokielewa?"

"Mbona wanapenda?"

Mimi, ambaye sikuulizwa, niliona kijana ana hoja. Bibi alisema wangeweka walau wimbo mmoja wa mtu anayemkumbuka mwenzake. Kijana akasema huo ungewaliza watoto.

"Wakilia si ndiyo watalala?"

Treni ilianza kupunguza mwendo simu ya bibi ilipoita. Alikuwa mjukuu. Bibi akamwambia bata amelala, kisha akamsogezea kijana simu, naye akaimba bila kubisha. Mtoto akacheka sana, akasema maneno marefu.

"Amesemaje?"

"Sijui, bibi."

"Haya. Lakini kamwambia nani, mimi au bata?"

Milango ikafunguka.