Maman Adèle na Wavu Uliokutwa na Joto

Tarehe 30 Juni 2024, Maman Adèle M'Cirhuza anastaafu baada ya miaka ishirini na minne katika banda la nyama choma la auberge yetu, nyumba ya wageni hapa Bukavu. Wateja wengi hawamjui kwa sura. Wanachojua ni kwamba samaki wetu hawagandi kwenye chuma wala hawana ladha ya kutu.

Alishuka kutoka mtaa wa Cimpunda mwaka 2000 akitafuta kazi ya kufua mashuka. Papa Placide, mkubwa wa banda, akamkabidhi brosi ya chuma. Alimfundisha kukwangua wavu wa kuchomea ungali moto, kuusugua kwa majivu, kamwe si sabuni, kuukausha juu ya makala, yaani makaa ya moto, kisha kuupaka mafuta na kuurudisha motoni mpaka moshi uishe na chuma king'ae kwa weusi. Waligombana juu ya jambo moja tu. Papa Placide alipaka mafuta kama anayempaka mtoto aliyetoka kuogeshwa. Maman Adèle alisisitiza kwamba mafuta mengi huacha utando unaonata.

Papa Placide alifariki Mei 2006. Jumatatu baada ya mazishi, Maman Adèle alifungua banda saa kumi na mbili asubuhi, akaukuta wavu mkubwa umesafishwa, una joto, unachuruzika mafuta. Makala yalikuwa baridi. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwake.

Ikawa hivyo kila asubuhi kwa wiki tatu. Mimi mwenyewe niliugusa wavu ule, nikaondoa mkono upesi. Wapishi wawili waliacha kazi. Madame Martine, mwenye auberge, akaamua kuutupa wavu na kulifunga banda. Sisi sita tuliobaki tungerudi nyumbani. Maman Adèle akamwomba asubuhi moja tu.

Aliingia kukiwa kunapambazuka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilibaki mlangoni. Tukasikia mkwaruzo: krrr, krrr. Hapakuwa na mtu. Masizi yalidondoka sakafuni, chini ya wavu ambao haukutikisika hata kidogo.

"Papa Placide," alisema bila kupaza sauti, "mafuta iko mingi. Nilikuambiaka."

Mkwaruzo ukakoma.

"Kazi yako ilishaisha, papa. Ile ulinifundisha, nilishaijua. Sasa uende, uniachie."

Tulingoja. Hapakusikika kitu. Ndipo akainuka, akachukua brosi, akaendelea kukwangua pale mkwaruzo ulipoishia. Chozi lake likaangukia chuma, likatoa mvuke.

Kesho yake wavu ulikuwa baridi, na mchafu kama tulivyouacha. Sijawahi kumwona mtu akifurahia uchafu vile. Aliimba wimbo wa kanisani huku akisugua, mpaka Madame Martine akatoka ofisini kusikiliza. Banda halikufungwa. Tangu siku ile Maman Adèle amewafundisha watu saba, na hakuna aliyethubutu kumletea sabuni karibu na chuma chake.

Maman Adèle, unahamia Luberizi kwa binti yako Carine, kwenye mashamba ya mpunga. Asante kwa mikono yako, na kwa kutusimamia siku ambayo sote tulitaka kukimbia. Charlène, mmoja wa wale saba uliowafundisha, ameshika nafasi yako, na anaiweza. Mungu akupe afya na siku nyingi za kulala mpaka jua lipande.

Ila tunakuomba, maman: siku utakapopumzika, upumzike kweli. Usirudi kutusaidia.

Gracien, mpishi